Barua ya wazi kuhusu stesheni ya zamani ya reli Mombasa: taa ya baba haina pa kupokelewa

Majengo,
Mombasa.

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya stesheni ya zamani ya reli, Kisiwani Mombasa, na wote wenye kauli juu ya turathi za mji huu,

MINT: KUMBUKUMBU ZA STESHENI YA MOMBASA NA WATU WALIOIFANYIA KAZI

Kwa heshima na taadhima nawasalimu.

Sikupenda kuyaandika haya hadharani. Tulivyolelewa, la nyumbani huzungumzwa nyumbani, na kwa miaka mitatu ndivyo nilivyofanya. Nimeandika barua tatu. Nimekwenda mara mbili kwenye ofisi niliyoelekezwa, nikakaa kwenye benchi mpaka adhana ya adhuhuri. Mara ya kwanza niliambiwa jambo langu ni la Nairobi. Nilipopiga simu Nairobi nikaambiwa ni la Mombasa. Katika barua ya tatu niliitaja sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Siku hizo zimepita zamani na jibu sijaliona.

Sitafuti kazi, wala fidia, wala kiwanja. Nimeomba kitu kimoja tu: kupokelewa. Baba yangu aliingia reli mwaka 1962 akiwa shunta, yaani mpangaji wa mabehewa uwanjani, baadaye akawa gadi, mlinzi wa gari anayekaa behewa la mwisho, na alistaafu akiwa gadi. Ameniachia taa yake ya mkono yenye vioo vya kijani na vyekundu, filimbi, kitabu cha kanuni kilichotoka jalada, na daftari dogo la zamu zake. Kabla ya kufariki aliniusia: "Virudishe stesheni." Nimevipeleka mara mbili ndani ya kikapu, na mara mbili nimerudi navyo Majengo, kwa sababu hapana mtu ambaye kazi yake ni kupokea kitu kama hicho.

Nilipokuwa njiani kurudi mara ya pili ndipo nilipoelewa kuwa tatizo ni kubwa kuliko kikapu changu. Hapana anayepokea kwa sababu hapana anayetunza. Na stesheni hii si ya kuachwa hivyo.

Tarehe 30 Mei 1896 ndipo reli ya kwanza ilipolazwa hapa Mombasa, chini ya injinia mkuu George Whitehouse. Mwaka huo huo njia ikavuka mkono wa bahari wa Makupa kwa daraja la mbao na kuingia bara. Mei 1899 ikafika kwenye kinamasi kilichokuja kuitwa Nairobi, na Desemba 1901 ikafika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Zilikuwa maili 582 za reli ya upana wa mita moja, kwa gharama iliyozidi pauni milioni 5 za siku hizo. Maili zote zilihesabiwa kuanzia kwetu. Mtu akiwa Voi, Makindu au Nakuru, umbali wake ulikuwa umbali kutoka Mombasa.

Hata ndani ya kisiwa chenyewe, kabla ya motokaa kuenea, watu walipanda vitoroli vilivyosukumwa na vijana juu ya vijireli vyembamba hadi Kilindini. Na ukitoka stesheni kwa miguu kufuata Barabara ya Haile Selassie unafika Mwembe Tayari, ambako wazee wetu husema misafara ya wapagazi ilikuwa ikikusanyika kabla ya kuelekea bara. Mpagazi aliyebeba pembe kichwani na behewa lililokuja kumwondolea mzigo huo wamekaa kwenye barabara moja. Sijui mji mwingine wa pwani hii ambao unaweza kuonyesha jambo hilo kwa mwendo wa dakika chache.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Jina limehama, na historia haikufuata.

Tangu tarehe 31 Mei 2017, ilipozinduliwa reli ya kisasa, msafiri wa Nairobi hushukia Miritini, bara, kwenye kituo kikubwa kinachobeba jina la Mombasa. Sina ugomvi na Miritini. Nimesafiri kwa treni hiyo, ni ya haraka na ni safi, na wazee wenye magonjwa ya mgongo wanaishukuru. Lakini kufikia siku ile, miaka 121 na siku moja tangu reli ya kwanza kulazwa, stesheni ya kisiwani ilikuwa imepoteza kazi yake na jina lake. Wajukuu zangu wanaamini kwa dhati kwamba reli ya Mombasa ilianza mwaka 2017. Siwalaumu. Wamesikia wapi jingine?

2. Simba wanakumbukwa kuliko watu.

Muulize mgeni yeyote anajua nini kuhusu reli hii. Atakwambia simba wa Tsavo. Ni kweli, mwaka 1898 simba wawili waliwavamia wajenzi wa daraja la Tsavo kwa miezi kadhaa, mpaka John Patterson, injinia wa daraja hilo, alipowapiga risasi mwezi Desemba. Hesabu ya waliouawa hutofautiana sana: wapo waliotaja 28, na Patterson mwenyewe alifikisha 135. Ngozi za simba hao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na hadi leo wamesimama humo, wamejazwa vizuri, wana taa zao na maelezo yao.

Sasa tuwatazame watu. Karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, wengi wao Wapunjabi waliopandia meli Karachi. Karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha, yaani zaidi ya wanne kwa kila maili. Walio wengi hawakuuawa na simba. Waliuawa na malaria, na kuhara, na vidonda visivyopona, na ajali za kazi. Katika Nyika ya Taru maji hayakuwapo, ikabidi yafuate kwa gari la moshi kutoka nyuma, na gari likichelewa watu walikaa na kiu. Zaidi ya 6,000 mikataba yao ilipokwisha hawakurudi kwao, wakabaki, na wajukuu wao ni majirani zetu hapa mjini. Kisha wapo Waafrika waliofyeka vichaka, waliobeba udongo na mataruma ya kulazia reli, ambao hesabu yao hata huisikii ikitajwa.

Hao wote walianza safari kwenye kisiwa hiki. Ikiwa kuna mahali duniani panapostahili kuwataja, ni hapa. Lakini simba wana nyumba Chicago na wao hawana ubao Mombasa.

3. Watu wa stesheni yenyewe wanafutika.

Hili ndilo linalonikera zaidi, naomba mnivumilie nikilisema kwa urefu.

Stesheni haikuwa ya magavana na wawindaji tu, ingawa picha zinazochapishwa ni zao. Siku za ukoloni behewa la daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Mwafrika alikaa la tatu, kwenye benchi la mbao, usiku kucha. Baba alipoanza kazi utaratibu huo ulikuwa unavunjika, lakini alikumbuka vizuri mlango upi wa stesheni alipitia akiwa mtoto na upi alikatazwa. Baada ya uhuru milango ikawa ya wote. Alikuwa akinisimulia jambo hilo kwa furaha kuliko hata siku ya bendera yenyewe.

Gari la abiria liliondoka saa moja jioni. Alasiri nzima uwanja wa mbele ulijaa: wahamali wenye mikokoteni, wanafunzi wa bweni na masanduku ya bati, mabibi waliokuja kuaga na kulia, wauzaji wa mahamri na viazi vya karai. Mama alikuwa mmoja wa wauzaji hao. Ndani, mhudumu wa behewa la chakula alipita ujiani akigonga kengele yake kuwaita abiria mezani. Na nyuma kabisa, behewa la mwisho, alikuwa baba na taa yake. Dereva hakuondoa injini mpaka gadi apulize filimbi na aonyeshe mwanga wa kijani. Gari lenye mabehewa marefu kuliko mtaa wetu lilingoja mkono wa mtu mmoja.

Alianza chini ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka 1978 kukawa na shirika la reli la Kenya. Nembo ya kofia yake ilibadilishwa mara mbili. Taa ilikuwa ile ile.

Na kabla yake kulikuwa na watu waliomwandalia njia. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waliweka kazi chini: wa bandari, wa reli, wa mahotelini, wapishi wa majumbani. Kwa siku 12 Mombasa ilisimama. Walikusanyika Kiwanja cha Maskini, wakasikiliza hotuba, wakagawana chakula. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini Baringo. Mshahara bora uliofuata, hata kama ulikuwa haba, ulitokana na siku hizo. Mimi nimesomeshwa kwa mshahara wa reli. Kwa hiyo nikimtaja mgomaji wa mwaka 1947 namtaja mtu aliyenilipia karo bila kunijua.

Niambieni, mtoto wa shule akipita mbele ya stesheni leo, ni wapi atakaposoma habari za mgomo huo?

4. Karatasi zinachakaa na wenye kumbukumbu wanakufa.

Stesheni ilikuwa na vitabu: vya kuingia na kutoka kwa magari, vya ajali, vya mizigo, vya wafanyakazi na zamu zao. Nimeuliza vilipo. Nimeuliza kwa maandishi. Swali hilo pekee lingejibiwa kwa sentensi moja, kwamba vipo mahali fulani na vinatunzwa na fulani, ningelala usingizi.

Kuhusu watu, nilipoandika barua ya kwanza niliambatanisha orodha ya wastaafu saba wa stesheni hii waliokubali kuhojiwa na kurekodiwa: karani wa tikiti, fundi wa injini, mhamali, mpishi wa behewa la chakula, shunta wawili na mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa ishara. Leo wamebaki wanne. Mpishi alinisimulia kidogo kabla hajaondoka, nami niliandika kwenye daftari la shule. Shunta mmoja sikuwahi. Nilifika kwake siku ya hitma.

5. Lugha.

Hili ni fupi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Mhamali alifanya kazi kwa Kiswahili, baba alipokea amri na kutoa onyo kwa Kiswahili, na maneno kama gari la moshi, behewa, taruma na gadi tumeyazoea kwa kazi ya reli hii. Chochote kitakachoandikwa hapo kianze kwa Kiswahili.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, maana baadhi yake nimeshaambiwa mdomoni.

Mtasema fedha hamna. Sijaomba jumba. Chumba kimoja, kabati lenye kioo, ubao ukutani na mtu mwenye ufunguo. Wastaafu wamejitolea kuja kusimulia bila malipo, na watoto wa wafanyakazi wa zamani, nikiwemo mimi, tumekubaliana kuchanga kabati.

Mtasema Nairobi iko na makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Ninayajua, nimeyatembelea, na nayapenda. Lakini Nairobi ilizaliwa na reli, na reli ilianzia hapa. Mtoto wa Likoni au Kisauni hana nauli ya kwenda Nairobi kutazama historia iliyopita mlangoni kwao. Na taa ya gadi wa Mombasa ikipelekwa huko itakuwa taa tu.

Mtasema stesheni ni ya treni za mjini za kuunganisha kisiwa na Miritini. Nausikia mpango huo na nauunga mkono kwa moyo wote, maana hapana anayetaka mabehewa yarudi kuliko sisi tuliozaliwa na honi yake. Ndiyo sababu naandika sasa na si baadaye. Wakati wa ukarabati ndipo vitu hutupwa. Ubao wa jina, benchi la zamani, dirisha la tikiti, vikishang'olewa na kuchukuliwa na wanunuzi wa vyuma havirudi. Abiria anayengoja treni ya Miritini ndiye msomaji bora wa ubao wa historia: amesimama, ana dakika kumi, na hana la kufanya.

Wengine watasema huko ni kuutukuza ukoloni. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, kwa sababu ni kweli reli ilijengwa ili Uingereza ishike Uganda na chanzo cha Nile, wala haikujengwa kwa ajili yetu. Lakini mji huu huu una sanamu za askari wa Kiafrika katika Barabara ya Jomo Kenyatta, za waliopigana Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vile havikuwa vyao. Hatujazibomoa, kwa kuwa wale ni watu wetu. Kuli wa Kipunjabi, mfyekaji wa Kiduruma au wa Kitaita, mgomaji wa Kiwanja cha Maskini, hao nao ni watu wetu. Tukinyamaza, kitakachobaki ni hadithi ya gavana na ya simba, na huo ndio utukufu wa ukoloni hasa.

Ninachoomba ni hiki.

Mteueni mtu mmoja, hapa Mombasa, ambaye kazi yake ni kumbukumbu za stesheni, na mtangaze cheo chake na siku zake za kupokea watu. Hilo ni la kwanza na halihitaji bajeti. Bila mtu huyo mengine yote yatarudi kwenye benchi nililokalia.

Utangazieni umma hadhi ya jengo kisheria. Kuna sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, inayompa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kumbukumbu ya taifa. Kama stesheni imeshatangazwa, tuonyesheni tangazo. Kama bado, tuambieni ni nani ameombwa afanye hivyo na lini.

Toeni orodha ya vitabu na nyaraka za stesheni, zilipo na hali zake, na zisizotumika zipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa badala ya kuachwa kwenye unyevu wa pwani. Kabla ya ukarabati wowote kuanza, au kuendelea, vitu vya zamani vihesabiwe na kupigwa picha mbele ya mashahidi.

Tengeni chumba kimoja ndani ya stesheni. Ndani yake wawemo wajenzi, wahamali, makarani, mafundi, wapishi, wagomaji wa 1947 na wafanyakazi wa zama zote tatu za shirika. Simba wapewe nafasi yao pia, pembeni.

Na wazee wanne waliobaki warekodiwe ndani ya miezi mitatu. Hapa siwezi kuwa na subira. Mmoja wao haoni tena, mwingine hutembea kwa mkongojo, lakini wote wanakumbuka namba za injini kama majina ya watoto wao. Anwani zao ziko kwenye barua ya kwanza niliyowaandikia, na kama imepotea nitaileta nakala.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 21. Nikilipata nitalitangaza hapa hapa nilipotangaza barua hii, liwe la kukubali au la kukataa, neno kwa neno. Nisipolipata, tutakuja stesheni mimi na wastaafu na watoto wa wafanyakazi, kwa amani, na kila mmoja atabeba alichoachiwa nyumbani: kofia, filimbi, ufunguo wa behewa, picha. Tutavipanga chini kwenye uwanja wa mbele, pale mama alipokuwa akiuza mahamri, ili wapita njia waone.

Taa ya baba nimeisafisha na utambi nimeutia mpya. Niambieni siku, nitaileta mwenyewe.

Wenu mwaminifu,

Mtoto wa gadi,
Majengo, Mombasa.